SOMO LA LEO: KUTOKA CHUO CHA UFUNDI HADI SHAHADA YA UHANDISI



Barua nyingi za wazazi huuliza jambo moja: "Mtoto wetu amemaliza Kidato cha Nne. Hakuchaguliwa kwenda Kidato cha Tano. Je, ndoto yake ya kuwa mhandisi imekwisha?"

Jibu letu ni hapana. Haijakwisha. Iko njia nyingine, nayo hupitia chuo cha ufundi. Lakini njia hiyo ina malango matatu, na kila lango lina sharti lake. Anayeyajua malango mapema hupita. Asiyeyajua hufika mjini na mfuko wa hela ya mahindi, hela ikaisha, na miaka ikapotea.

Katika somo hili tutajifunza njia hiyo hatua kwa hatua. Somo hili lisomwe polepole. Ikiwezekana, lisomwe na mzazi pamoja na mtoto.

MAJINA MATATU YA KAZI

Kwanza tujue majina. Watu wengi huita kila mtu wa kazi hizi "fundi". Lakini kazini kuna ngazi tatu.

Tufike Kariakoo, Dar es Salaam. Hapo maghorofa yamesongamana, na mengine yanajengwa kila siku. Tusimame mbele ya ghorofa moja linalojengwa.

Yule anayefunga nondo, anayejenga ukuta au anayepitisha nyaya za umeme, huyo ni fundi mchundo. Kazi yake ni ya mikono, na mikono yake ina ujuzi. Wengi hujifunza katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kama kile cha Chang'ombe.

Yule anayesoma ramani na kusimamia mafundi ni fundi sanifu. Huchukua sampuli ya zege, akaiacha ikomae, kisha akaikandamiza kwenye mashine baada ya siku 7 na baada ya siku 28, aone kama ina nguvu inayotakiwa. Huyu amesoma chuo cha ufundi na ana stashahada.

Yule aliyepiga hesabu kwamba nguzo iwe na unene gani, nondo ziwe ngapi, na jengo libebe uzito gani, huyo ni mhandisi. Ana shahada ya chuo kikuu au ya taasisi iliyoruhusiwa kutoa shahada.

Yupo pia msanifu majengo, ambaye huchora umbo la jengo. Soko Kuu la Kariakoo, lenye paa la zege mfano wa miavuli, lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, na likafunguliwa mwaka 1975. Msanifu huchora umbo. Mhandisi huhakikisha umbo hilo linasimama.

Kwa nini tunaeleza haya yote? Kwa sababu kosa katika kazi hizi huua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka hapo hapo Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa kwenye biashara zao. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Wafanyabiashara wa Kariakoo wametoka mikoa yote ya nchi yetu. Huenda na ndugu yako yumo. Basi tunapomsomesha mhandisi mzuri, tunalinda pia roho za watu wetu.

NJIA MBILI ZA KUFIKA

Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne ana njia mbili za kufika kwenye shahada ya uhandisi.

Njia ya kwanza ni ya shule. Anasoma Kidato cha Tano na cha Sita, miaka 2, akichukua masomo ya sayansi yenye Fizikia na Hisabati. Kisha anasoma shahada, miaka 4. Jumla ni miaka 6.

Njia ya pili ni ya chuo cha ufundi. Anasoma stashahada ya uhandisi, miaka 3. Kisha anasoma shahada, miaka 4. Jumla ni miaka 7.

Mtu atasema: "Kumbe njia ya chuo ni ndefu kwa mwaka mmoja!" Ndiyo, ni ndefu kwa mwaka mmoja. Lakini tutazame faida yake. Aliyemaliza Kidato cha Sita akikosa chuo kikuu, mkononi ana cheti cha shule tu. Aliyemaliza stashahada akikosa chuo kikuu, tayari ni fundi sanifu. Anaweza kuomba kazi, akaweka akiba, kisha akarudi kusoma baadaye. Mwaka mmoja wa ziada ni kama kodi anayolipa ili asibaki mikono mitupu.

Hatusemi kwamba njia moja ni ya wenye akili na nyingine ni ya walioshindwa. La hasha. Wapo vijana wanaofaulu vizuri na kuchagua chuo cha ufundi kwa hiari yao.

LANGO LA KWANZA: CHETI CHA KIDATO CHA NNE

Lango la kwanza liko shuleni kwenu kijijini.

Ili kuingia stashahada ya uhandisi, kijana anatakiwa awe amefaulu angalau masomo manne katika mtihani wa Kidato cha Nne. Ufaulu wa chini ni alama D. Lakini si masomo manne yoyote. Kwa fani nyingi za uhandisi, Hisabati na Fizikia lazima ziwemo, na fani nyingi huhitaji Kemia pia. Mwenye D tatu za Kiswahili, Uraia na Historia, bila Hisabati, hapiti lango hili.

Kwa hiyo mzazi asingoje matokeo. Mtoto akiwa Kidato cha Pili, uliza shuleni: "Hisabati anapata ngapi? Fizikia je?" Akiacha Fizikia mapema, ameacha na uhandisi.

Tusisahau Kiingereza. Vyuoni masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana mwerevu wa Hisabati huweza kukwama kwa sababu haelewi swali linauliza nini.

Jambo jingine kubwa: cheti cha Kidato cha Nne hakizeeki. Kitaulizwa wakati wa kuingia stashahada, na kitaulizwa tena wakati wa kuingia shahada. Kikiwa na kasoro, kasoro hiyo itamfuata.

Je, aliyekosa Hisabati afanye nini? Arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baraza la Mitihani huruhusu. Na kwa wale walioacha shule kabla ya kumaliza, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo ya sekondari kwa njia mbadala. Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tunajua jambo hili vizuri: kurudi darasani si aibu.

Katika lango hili iko pia fomu ya uchaguzi, ambayo wanafunzi huiita Selform. Humo kijana wa Kidato cha Nne huandika anakotaka kwenda: shule za Kidato cha Tano au vyuo. Wengi huijaza haraka haraka, wakimwiga mwenzao wa dawati. Mzazi, uliza fomu hiyo inajazwa lini. Kaeni nyumbani, mjadili, ndipo aijaze.

LANGO LA PILI: CHUO KINACHOTAMBULIWA

Mjini kuna vyuo vingi na vibao vingi. Kibao si usajili. Hapa ndipo hela za wazazi wengi hupotea.

Chombo kinachosajili vyuo vya ufundi ni Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, kwa kifupi NACTVET. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, tafuta majibu ya maswali mawili. Je, chuo hiki kimesajiliwa na NACTVET? Na je, kozi hii yenyewe imeruhusiwa? Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa kozi ya biashara, lakini hakina ruhusa ya kufundisha uhandisi. Baraza hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo chenye majina ya vyuo, kozi na masharti. Mwalimu wa sekondari anaweza kukusaidia kukisoma kwa simu au kompyuta.

Tutoe mfano wa chuo kimoja cha zamani. Mwaka 1957 kilianzishwa chuo cha ufundi Dar es Salaam, katikati ya mji. Miaka mingi kilitoa mafundi sanifu wa barabara, umeme, maji na mitambo. Wakati huo nchi yetu haikuwa na mahali pa kusomea shahada ya uhandisi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani, kilifunguliwa mwaka 1973. Kabla ya hapo vijana wetu walikwenda Nairobi au nchi za mbali.

Mwaka 1997 sheria ilikigeuza chuo kile kuwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT. Leo taasisi hiyo hutoa stashahada na pia shahada za uhandisi. Maana yake, mtu anaweza kuingia akiwa wa Kidato cha Nne, na akifaulu vizuri, akatoka humo humo akiwa na shahada.

Mgeni akitoka bara, hushukia stendi ya Mbezi. Mabasi ya mwendokasi huingia mjini kwa Barabara ya Morogoro. DIT iko pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ukiwa Kariakoo, unavuka Mnazi Mmoja kwa miguu na kufika.

Lakini si lazima kila mtoto aende Dar es Salaam. Kuna Chuo cha Ufundi Arusha. Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho nacho kilianza kama chuo cha ufundi. Chagua chuo kilicho na fani mtoto anayoitaka na gharama mnayoiweza.

Na aliyepita VETA je? Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi ya 1, ya 2 na ya 3. Fundi mchundo asiridhike na ngazi ya 1. Zipo kozi za mafundi sanifu zinazompokea mwenye ngazi ya 3. Achukue cheti chake, aende akaulize masharti ya chuo anachokitaka.

LANGO LA TATU: ALAMA ZA KILA MWAKA

Hapa wengi hujikwaa. Kijana akishaingia chuo hufikiri kazi imekwisha. Husema, "Mwaka wa kwanza nizoee mji, nitasoma mwaka wa tatu." Huko ni kujidanganya.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, imeweka kiwango cha chini kwa mwenye stashahada anayetaka shahada. Wastani wake wa alama, ule unaoandikwa GPA, usipungue 3.0. Na awe na ule ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne. Hicho ni kiwango cha chini tu. Vyuo vingine, hasa kwa fani zenye waombaji wengi, hutaka zaidi.

Wastani haujengwi kwa siku moja. Ni kama debe la mahindi: kila kibaba unachomimina kinahesabika, na usichomimina kinaonekana. Alama mbovu za mwanzo hulemea alama nzuri za mwisho.

Tena fani lazima zioane. Mwenye stashahada ya umeme huomba shahada ya umeme au iliyo karibu nayo. Asitegemee kupokelewa kirahisi kwenye ujenzi. Kwa hiyo fani ya shahada huchaguliwa siku ile unapochagua stashahada.

Tutazame na wenzetu wa mbali. Huko Marekani kuna vyuo vya jamii. Cha kwanza cha serikali, kilicho Joliet karibu na Chicago, kilianza mwaka 1901. Kijana husoma miaka 2 karibu na nyumbani, kwa ada nafuu, kisha huhamia chuo kikuu. Aliyepanga vizuri huingia mwaka wa tatu moja kwa moja. Asiyepanga hukuta baadhi ya masomo yake hayahesabiwi, akayarudia. Kwetu, mwenye stashahada kwa kawaida huanza shahada tangu mwaka wa kwanza. Taratibu ni tofauti, lakini fundisho ni lile lile: uliza masharti ya kule unakokwenda kabla ya kuanza safari.

HESABU ZA FEDHA

Sasa tuje kwenye hela, maana ndiyo hufunga milango mingi.

Katika bajeti ya mwaka 2023/2024 Serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanafunzi wanaochaguliwa kujiunga na vyuo vya ufundi vya DIT, Arusha na Mbeya. Pia kuanzia mwaka huo wa masomo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani za kipaumbele. Zamani mikopo hiyo ilikuwa hasa ya shahada. Masharti hutangazwa kila mwaka, basi soma ya mwaka wenu. Usitegemee ya mtoto wa jirani aliyesoma zamani.

Hata ada ikifutwa, bado kuna chumba, chakula, nauli, vitabu na vifaa vya kuchorea. Chumba cha mjini ni ghali. Ndugu wa Kariakoo au Buguruni anaweza kumpokea mtoto, lakini na yeye ana watoto wake. Mpelekee hata gunia la mchele, msimwachie mzigo peke yake.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtoto ameingia Kidato cha Kwanza leo. Mzazi anaweka akiba shilingi 5,000 kila wiki.

Mwaka una wiki 52. Basi 5,000 × 52 = 260,000.
Kwa miaka 4, 260,000 × 4 = 1,040,000.

Mtoto akimaliza Kidato cha Nne, kuna zaidi ya shilingi milioni moja. Haitatosha miaka yote, lakini itamwanzisha. Ukingoja matokeo ndipo uanze kutafuta, utauza ng'ombe kwa bei ya haraka, na bei ya haraka siku zote ni bei ya hasara.

Tayarisheni na karatasi. Muombaji wa mkopo hutakiwa cheti cha kuzaliwa. Majina ya cheti hicho yafanane na majina ya vyeti vya shule, herufi kwa herufi. "Mohamedi" kwenye cheti kimoja na "Muhammad" kwenye kingine ni mzigo wa safari nyingi kwenye ofisi. Rekebisheni sasa, mtoto akingali shuleni.

MITEGO YA MJINI

Tuwaeleze vijana mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni mtu anayesema, "Nipe hela nikuingizie jina chuoni." Maombi hufanywa na kijana mwenyewe, na malipo hufanywa kwa utaratibu ulioandikwa na chuo. Hakuna dalali wa nafasi ya masomo. Anayejiita hivyo ni tapeli.

Mtego wa pili ni hela ya haraka. Kariakoo kazi haikosekani: kubeba mizigo, kuuza nguo barabarani, kushinda dukani. Kijana hupata hela ya siku, akaanza kukosa vipindi. Si vibaya kufanya kazi wakati wa likizo. Lakini hela ya leo ikila mitihani ya kesho, ameuza mbegu.

Mtego wa tatu ni ukishoka. Kijana amesoma umeme mwaka mmoja, anaanza kuunganishia watu umeme bila kibali. Siku nyumba ikiungua, nani atajibu?

BAADA YA SHAHADA

Kupata shahada si mwisho. Iko Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mhitimu huandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha hufanya kazi chini ya wahandisi wenye uzoefu, ndipo aombe kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Mafundi sanifu nao husajiliwa na bodi hiyo. Jengo linapoanguka, watu huuliza: "Nani alisaini?" Usajili upo ili swali hilo liwe na jibu.

Na haya yote ni ya wasichana pia. Hesabu ya nguzo haiulizi kama aliyeipiga amevaa suruali au kanga. Mzazi mwenye binti anayependa Hisabati asimwambie uhandisi ni kazi ya kiume.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Hisabati na Fizikia za Kidato cha Nne ndizo ufunguo wa lango la kwanza.
2. Usilipe chuo kabla ya kujua kama chuo na kozi vinatambuliwa na NACTVET.
3. Wastani wa stashahada usipungue 3.0, na uanze kujengwa tangu mwaka wa kwanza.
4. Chagua fani ya stashahada ukiifikiria shahada.
5. Akiba na vyeti vitayarishwe mtoto akingali shuleni.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi? Katika kijiji chetu tuna nani kati ya hao?
2. Kijana amefaulu masomo matano, lakini amekosa Hisabati. Mtamshauri nini?
3. Mzazi anaweka akiba shilingi 3,000 kila wiki. Baada ya miaka 4 atakuwa na kiasi gani?
4. Ndugu yenu wa mjini amepiga simu kwamba kuna chuo kizuri, lakini hela ilipwe kesho. Mtauliza maswali gani kabla ya kutuma?
5. Je, shule yetu ya sekondari ina mwalimu wa Fizikia? Kama hana, kamati ya shule imefanya nini?

Ndugu wasomaji, swali la tano msiliache liishie kwenye mazungumzo. Liandikeni, mlipeleke kwenye mkutano wa kijiji. Mtoto asiyekuwa na mwalimu wa Fizikia amefungiwa lango kabla hajalifikia.